Cheche ya trekta la zamani: baina ya alama na sikio

Mafundi wa matrekta ya petroli wako wa aina mbili, na wakikutana kwenye trekta moja huwa hawaelewani. Mmoja hashiki spana mpaka aione alama ya kiwanda kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inayoonesha cheche itoke lini. Akishaiona na akaiweka cheche hapo, kwake kazi imekwisha, na atakayesema vyengine abishane na kiwanda. Mwengine hana haja na alama. Huwasha injini, akalegeza nati ya distribyuta, chombo kinachoigawa cheche kwa silinda, akaizungusha kidogo huku na huku ametega sikio, na mlio ukimridhisha anakaza. Trekta hutoka kwa wa kwanza likiwa zito shambani. Hutoka kwa wa pili likiwa jepesi, lakini asubuhi ya pili linarudisha hendeli ya kuwashia kwa nguvu za kuvunja mkono. Halafu mwenye trekta anaambiwa injini imechoka.

Ubishi huu hauishi kwa sababu wote wawili wanapima kitu kimoja katika hali mbili: mmoja injini ikiwa imelala, mwengine ikiwa inazunguka. Na baina ya hali hizo mbili kuna mtambo mdogo ndani ya distribyuta unaoisogeza cheche wenyewe, bila ya kumuuliza mtu. Asiyejua mtambo huo una hali gani hana sababu ya kuiamini alama, wala ya kuliamini sikio.

Kwanza tuyatenganishe matrekta. Mengi yanayolima leo katika mabonde ya mpunga ya Cheju na Kibokwa, Unguja, au Weni kule Pemba, ni ya dizeli, na dizeli haina plagi ya cheche, haina koili ya kukuza umeme wala distribyuta. Hewa ndani ya silinda hubanwa mpaka ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, mafuta yakapuliziwa humo yakawaka yenyewe. Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu imo katika kundi hilo. Nayo ina wakati wake, lakini ni wakati wa pampu ya dizeli, na hauhusiki na haya ninayoyaeleza. Ukimsikia mtu anataka kugeuza distribyuta ya dizeli, mpe kiti apumzike.

Ninayoyazungumzia ni yale ya kijivu na ya rika lake. Ferguson TE20 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 mpaka 1956, na zaidi ya 500,000 zilitoka katika kiwanda hicho. Ile yenye herufi TEA ilikuwa na injini ya petroli ya kampuni ya Standard, ndugu wa injini ya gari la Standard Vanguard. TED iliwashwa kwa petroli, ikishapata moto ikahamishiwa kwenye mafuta ya matrekta yaliyokaribiana na mafuta ya taa. TEF ni dizeli. Kwa hiyo kabla ya kuagiza platini, vile vipande viwili vya kukata umeme ndani ya distribyuta, kutoka Gerezani, Dar es Salaam, zije na boti, soma herufi kwenye kibao cha namba. Matrekta matatu yanayofanana kwa rangi na kwa umbo, na kila moja lina hesabu yake.

Kwa nini cheche itangulie

Petroli hailipuki mara moja ndani ya silinda. Inaungua. Moto unaanzia kwenye ncha ya plagi, unasambaa mpaka kwenye kuta, na safari hiyo ina muda wake: mfupi sana kwa jicho, mrefu kwa pistoni. Msukumo unafaa kitu iwapo nguvu kubwa ya moto itaikuta pistoni imeshapita kileleni, pale juu kabisa inapofika, na imeanza kushuka, kiasi cha digrii 15 hivi za mzunguko wa krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Na kwa kuwa moto unataka muda wa kukua, cheche lazima itoke kabla, pistoni ikiwa bado inapanda. Ndiyo bembea ya sikukuu: ukimsukuma mtoto naye bado anakuja kwako, mkono wako ndio unaoumia, ukingoja mpaka ameshakwenda zake, unasukuma upepo.

Sasa hesabu, maana bila yake sehemu inayofuata haiingii akilini. Krenki ikizunguka mara 500 kwa dakika hupita digrii 3 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikizunguka mara 2,000 hupita digrii 12 kwa muda huohuo. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba moto unataka sehemu 3 za elfu za sekunde kufikia nguvu zake. Kwa mwendo wa polepole krenki itakuwa imekwenda digrii 9, na kwa mwendo wa kasi digrii 36. Ili nguvu ifike digrii 15 baada ya kilele, kwenye kasi cheche itabidi itoke digrii 21 kabla ya kilele, na polepole itatosha itoke digrii 6 baada ya kilele. Katika injini ya kweli tofauti haiwi kubwa kiasi hicho, kwa sababu mwendo ukiwa mdogo hewa ndani ya silinda imetulia na moto huwa mvivu zaidi. Lakini mwelekeo ni huohuo: kasi ikipanda, cheche iwahi.

Anayeiwahisha ni vizito viwili vya chuma vilivyoshikwa na springi chini ya sahani ya platini. Shafti ikishika kasi vizito vinatanuka, vinaisukuma kemu, kile kipande chenye pembe kinachozifungua platini, itangulie shafti, na platini zinafunguka mapema. Kasi ikishuka springi zinavirudisha. Magari mengi ya zamani yana na kifaa cha pili kinachovutwa na mvuto wa hewa wa manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Matrekta mengi hayakupewa, kwa sababu trekta hushinda karibu na mwendo mmoja, gavana, mtambo unaodhibiti kasi, ikiushika.

Ndiyo kusema kuna mipango miwili, mmoja juu ya mwengine. Wa chini unauweka wewe kwa kugeuza mwili wa distribyuta na kukaza nati. Wa juu unaongezwa na vizito. Kinacholima ni jumla yake. Alama ya kiwanda inakuambia habari za ule wa chini peke yake. Sikio la fundi, anapopandisha mwendo, linasikia jumla.

Hapo turudi kwa mafundi wetu wawili. Chukua trekta ambalo vizito vyake vimeganda kwa kutu vikiwa vimefumba. Fundi wa alama anaweka cheche pale kitabu kinaposema, injini inawaka vizuri, halafu ikiingizwa plau ardhini inakosa digrii zote ambazo vizito vingeongeza. Cheche inachelewa, trekta linakosa nguvu, rejeta inachemka. Fundi wa sikio analikuta trekta hilohilo, anapandisha mwendo, anasikia uzito, anaiwahisha distribyuta mpaka mlio uchangamke. Sasa kwenye kasi iko sawa. Lakini zile digrii alizoongeza hazirudi mwendo ukishuka, kwa hiyo wakati wa kupiga hendeli cheche inatoka pistoni ikiwa mbali na kilele, na moto unairudisha nyuma. Wote wawili wameifanya kazi yao kwa uaminifu. Kilichokuwa kibovu hakuna aliyekigusa.

Na huku kwetu vizito kuganda si jambo la ajabu. Trekta linasimama kutoka masika mpaka masika chini ya mwembe, hewa ya bahari inaingia kila mahali, na springi zile ni nyembamba. Kuvipima hakuhitaji kifaa. Vua kifuniko cha distribyuta, shika rota, kile kipande kinachozunguka juu ya shafti, izungushe kwa vidole kuelekea upande inakozungukia, kisha iachie. Irudi yenyewe kwa mkato. Ikibaki palepale, au ikirudi kwa kusitasita, acha habari za alama; ng'oa sahani, safisha, tia tone la oili jepesi, na ukibadilisha springi usiweke ya kalamu ya wino. Nimeiona hiyo, na inafanya kazi mpaka siku itakapokataa.

Kuna na jambo la tatu ambalo hulaumiwa au huachwa huru bila haki: mpangilio wa valvu. Distribyuta inazungushwa na kemshafti, na kemshafti inavutwa na krenki kwa mnyororo au kwa giya. Mnyororo ukilegea kwa uzee, kemshafti inachelewa na kuichelewesha distribyuta pamoja nayo. Ukipanga cheche upya kwa alama ya krenki, cheche itakuwa sawa, lakini valvu zitabaki zimechelewa. Kugeuza distribyuta hakuzirekebishi valvu hata kwa nusu digrii. Injini iliyopangwa cheche yake vizuri, yenye kompresheni (mbano wa hewa) nzuri, na bado ni nzito, fungua kifuniko cha mbele utazame mnyororo.

Pengo kwanza

Kosa linalopoteza muda kuliko yote ni kupanga wakati wa cheche halafu ukasafisha platini. Cheche inatoka pale platini zinapoachana: umeme wa koili unakatika ghafla, na ule mkatiko ndio unaozaa volti elfu kumi na zaidi za plagi. Ukilipanua pengo lililo baina yake, kisigino cha platini kinakaa karibu zaidi na kemu, kinaguswa mapema, na cheche inawahi. Ukilibana, inachelewa. Kwa hiyo kila ulipoligusa pengo umeugusa na wakati. Fuata mpangilio huo na usiugeuze.

Kwa distribyuta nyingi za Lucas za miaka ya 1950 na 1960 pengo ni inchi 0.014 mpaka 0.016, yaani milimita 0.35 mpaka 0.40. Za zamani zaidi zilitaka pungufu ya hapo, na kitabu cha trekta lako ndicho cha kusikilizwa. Pima kisigino kikiwa juu kabisa ya pembe ya kemu. Kama platini zimeshatumika, upande mmoja huwa una kichuguu na wa pili kishimo. Fila geji, kile kipimo cha visahani vyembamba, inapita juu ya kichuguu na kukudanganya, pengo la kweli ni kubwa kuliko linavyosoma. Zisugue zilingane kwanza, au weka mpya. Asiye na fila geji anaweza kutumia nyembe mpya za kunyolea, zile bapa zenye makali pande mbili: mmoja una unene wa milimita 0.1, kwa hiyo nne zilizobanwa pamoja zinakupa 0.4. Si kipimo cha kujivunia na angalia vidole, lakini ni bora kuliko jicho.

Kondensa nayo iangaliwe hapohapo. Kazi yake ni kuumeza umeme ambao ungeruka baina ya platini zinapoachana. Ikifa, platini zinaungua, cheche inakuwa dhaifu na ya njano, na hakuna kugeuza distribyuta kutakakoiponya. Mimi kondensa kongwe inayofanya kazi siitupi kwa sababu tu nimenunua mpya. Naiweka kwenye kikopo. Nyingi za mpya za siku hizi hazina umri.

Kisha itikise shafti ubavuni. Bushi ikiwa imeliwa, shafti inayumba, na pengo la silinda ya kwanza si la silinda ya tatu. Hapo kila silinda ina wakati wake na alama moja haiwezi kuzitosheleza nne. Fundi yeyote wa mashine ya kuchonga vyuma mjini atakutolea bushi ya shaba. Fanya hivyo kabla hujaendelea, au kubali kwamba unachokipanga ni wastani.

Kukitafuta kilele

Pistoni ya silinda ya kwanza hufika juu mara mbili katika kila kazi kamili ya injini: mara moja ikiwa imebana hewa na petroli, mara moja ikiwa inatoa moshi. Cheche inatakiwa mara ya kwanza tu. Ng'oa plagi zote, ziba tundu la silinda ya kwanza kwa kidole gumba, mwenzako azungushe hendeli taratibu. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, ndiyo mara inayotakiwa. Au vua kifuniko cha valvu: kwenye silinda nne, ya kwanza ikiwa kwenye kilele cha kubana, valvu mbili za silinda ya nne zinapishana, moja inafunga na ya pili inafungua.

Anayekosea hapa hupanga cheche vizuri kabisa kwa kilele kisicho chake. Distribyuta inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo iko nusu mzunguko nje. Injini haiwaki, inapiga chafya kwa kabureta, na pengine moto unatoka na chafya hiyo. Kama kabureta inavuja, weka mchanga karibu.

Alama yenyewe nayo usiiamini kwa heshima ya umri. Trekta la miaka sabini limeshafunguliwa na watu wengi, na flaiwili au puli inaweza kuwa imetoka kwenye injini nyengine. Wengi hukihakiki kilele kwa kutia mrija kwenye tundu la plagi na kuangalia lini unaacha kupanda. Njia hiyo inakupa mahali pa kuanzia, haikupi kilele. Injini ya Standard ya Ferguson ina mwendo wa pistoni wa milimita 92. Krenki ikiwa digrii 5 nje ya kilele, pistoni imeshuka robo ya milimita tu, pengine pungufu. Hakuna jicho la kuona hilo kwenye mrija unaoyumba. Na digrii 5 ndizo zinazotenganisha injini nzuri na mbaya.

Njia ya uhakika ni kukigawa. Chukua plagi kuukuu, vunja kauri yake, fungia bolti ndefu katikati iingie ndani ya silinda iwe kizuizi. Ifunge kwenye tundu. Plagi nyengine zote ziwe nje na swichi imezimwa. Zungusha hendeli kwa upole mno mpaka pistoni iguse bolti. Chora mstari wa chaki kwenye puli mkabala na alama isiyozunguka. Zungusha kinyume mpaka iguse tena upande wa pili. Chora mstari wa pili. Katikati ya mistari hiyo miwili, kwa futi kamba, ndicho kilele, na hakina ubishi. Hii ni kwa injini zenye valvu juu, ambazo plagi inaitazama pistoni. Injini zenye valvu ubavuni zinataka njia nyengine.

Ukishakipata, digrii unazipima kwa mzingo. Puli yenye kipenyo cha milimita 150 ina mzingo wa milimita 471. Gawa kwa 360, kila digrii ni milimita 1.3. Kitabu kikisema digrii 10 kabla ya kilele, pima milimita 13 kwenye puli hiyo na uweke alama ya rangi nyeupe. Alama ikae upande utakaopita kwanza pale injini inapozunguka kama kawaida. Watu huiweka upande wa pili.

Balbu ya senti chache

Kupanga injini ikiwa imelala hakutaki mashine. Chukua balbu ndogo ya volti sawa na betri yako, wati 5 au chini ya hapo, iunge waya mbili. Mmoja ushike pale waya mwembamba kutoka koili unapoingia kwenye distribyuta. Wa pili ushike chuma cha injini. Washa swichi. Platini zikiwa zimegusana, umeme unapata njia rahisi ya kwenda kwenye chuma na balbu inabaki giza. Zikiachana, njia hiyo imekatika, umeme unapita kwenye balbu, inawaka. Sekunde ile balbu inawaka ndiyo sekunde ya cheche.

Zungusha injini kwa upande wake wa kawaida mpaka alama yako nyeupe isimame mahali pake, silinda ya kwanza ikiwa kwenye kubana. Ukiipita alama usirudi nyuma kidogo ukaridhika. Rudi robo mzunguko nzima kisha uje tena mbele, kwa sababu giya na minyororo ina ulegevu wake, na ulegevu huo unatakiwa uwe umevutwa upande uleule utakaovutwa injini ikifanya kazi. Sasa legeza nati ya distribyuta. Geuza mwili wake kuelekea upande rota inakozungukia mpaka balbu izime, kisha urudishe kinyume, polepole, mpaka iwake. Kaza. Kinyume cha rota ni kuwahisha, pamoja na rota ni kuchelewesha. Ukilishika hilo hutapotea kwenye injini yoyote.

Nati ikikazwa huisogeza distribyuta kidogo, kwa hiyo zungusha krenki mizunguko miwili kamili na uangalie balbu inawaka alama ikiwa wapi. Fanya mpaka ikubali. Na swichi usiiache imewashwa huku unakunywa kahawa, koili itapata moto bure.

Asiye na balbu huweka kipande cha karatasi nyembamba baina ya platini akakivuta kwa wepesi wakati anageuza, kikichomoka, zimeachana. Wazee walipanga hivyo na matrekta yakalima.

Waya za plagi zifuate mpangilio wa kuwaka wa injini hiyo. Ferguson ya Standard ni 1-3-4-2. Ford 8N ya Marekani, ambayo kwa mbali mtu huifananisha nayo, ni 1-2-4-3. Ukichukua kumbukumbu ya moja ukaipeleka kwenye nyengine utazunguka siku nzima.

Hapo ndipo sikio linapopata zamu yake. Kipimo cha kitabu kiliandikwa kwa petroli ya wakati wake. Uingereza baada ya vita petroli ilikuwa na okteni karibu na 70. Ya pampu za leo imepita 90. Okteni kubwa maana yake mafuta yanavumilia kubanwa na joto bila ya kujiwakia yenyewe, kwa hiyo injini kongwe leo ina nafasi ya kuvumilia cheche ya mapema zaidi bila ya kugonga. Nafasi hiyo si ruhusa. Injini hizi zina kompresheni ndogo, na ukiwahisha kupita haja unapata joto na hendeli kali, hupati nguvu. Kwa upande wa pili, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inarudi kulekule kwenye okteni ndogo, na alama iliyokuwa salama wiki iliyopita inaanza kugonga wiki hii. Kabla ya kuigusa distribyuta iliyokuwa sawa jana, nusa tangi.

Kama ipo taa ya taimingi, ile inayomulika kila cheche inapopita kwenye waya wa silinda ya kwanza, mafundi wa magari ya zamani mjini wanayo; iazime. Mulika alama injini ikiwa kwenye mwendo mdogo kabisa, vizito bado vimefumba: isome pale ulipoiweka. Pandisha mwendo: alama itembee kwa utulivu upande wa kuwahi, kisha isimame. Isipotembea, vizito vimeganda. Ikirukaruka, shafti inayumba. Ukishusha mwendo ikaganda kulekule juu, vizito havirudi; usipoteze muda na kitu chengine. Taa hii ndiyo inayowapatanisha mafundi wawili, kwa sababu inaonesha mpango wa chini na jumla yake kwa wakati mmoja. Kunja mikono ya shati, na mwenye kanzu au mtandio asisimame mbele ya feni.

Bila ya taa, lipeleke trekta kwenye kazi yake. Wakati lipo bandani halikuambii kitu. Liingize plau kwenye udongo mzito, au lipande mlima wa Pemba na tela ya mawe, gea kubwa, mafuta yamefunguliwa. Mlio mkavu wa kugonga unaosikika kwenye mzigo na kunyamaza mzigo ukitoka ni cheche iliyowahi. Chelewesha digrii mbili, jaribu tena. Trekta lisilogonga kabisa lakini manifoldi ya moshi inakuwa nyekundu, petroli inakwenda kasi na rejeta inachemka, cheche imechelewa: moto bado unaungua wakati valvu ya moshi inafunguka, na joto lililotakiwa kusukuma pistoni linakwenda nje.

Hendeli ina kipimo chake, nacho kinauma. Cheche ikiwa mapema mno kwa mwendo wa mkono, inairudisha. Weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie, na uivute kutoka chini kwenda juu. Usiisukume kwenda chini kwa uzito wa mwili. Matrekta yenye magneto, mtambo unaozalisha umeme wa cheche wenyewe bila ya betri, yana kishikio cha springi kinachoichelewesha cheche wakati wa kuwasha tu, ndiyo ule mlio wa "tak" unaousikia ukizungusha polepole. Usiposikia tak, usipige hendeli.

Mwenye bustani ya mboga asiye na trekta la zamani anaweza kuyakuta haya kwenye pampu yake ndogo ya petroli ya kumwagilia. Haina distribyuta, na wakati wa cheche hauna nati ya kulegeza: umewekwa na sumaku iliyomo kwenye flaiwili, na flaiwili inashikwa mahali pake na ufunguo mdogo wa chuma laini. Pampu ikishtuka, ikasimama ghafla, ufunguo huo hukatika nusu, flaiwili inasogea digrii chache, na pampu inakataa kuwaka au inavuta kamba kutoka mkononi, huku cheche ikionekana nzuri kabisa ukiitazama kwenye plagi nje. Watu hubadilisha kabureta. Ng'oa flaiwili, tazama ufunguo.

Kwenye trekta, kazi uliyoifanya haidumu msimu mzima kama umetia platini mpya. Kisigino chake ni cha plastiki ngumu au faiba, na siku za mwanzo kinaliwa upesi mpaka kikae vizuri kwenye kemu. Kikiliwa, pengo linajibana, na cheche inachelewa kidogo kidogo bila ya mtu kugeuza kitu. Paka kemu grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti, si zaidi, maana grisi ikirukia platini umeanza upya. Lima siku chache, kisha fungua kifuniko, pima pengo, na uweke balbu tena.